Viduara Kumi na Vinne

4 Machi

Chiriku mdogo wangu,

Najua ukiiona bahasha yangu utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Shemeji yako mzima, cherehani yake nzima, na mimi nina mafua tu yaliyonikaa kooni yakagoma kuhama. Ndiyo maana sipigi simu. Nikisema neno natoa mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Meseji nazo sitaki, kwa sababu simu yako inashikwa na wanao wote watatu, na haya si ya watoto. Barua nimempa dereva wa gari la vitabu, anayepita shuleni kwenu mara mbili kwa wiki. Jibu mpe yeye yeye.

Nina shida na wewe. Alhamisi ya tarehe kumi na nne tuna semina ya robo mwaka hapa kituo cha walimu. Watakuja walimu arobaini na wawili kutoka shule za karibu. Mimi kama kawaida nimepangiwa kipindi cha saa nane mchana, kile cha baada ya kula, ambacho wakufunzi wenzangu wanakikimbia. Mada ni namna ya kumfanya kila mwanafunzi ashiriki darasani. Nataka ukiendeshe wewe.

Usiruke kwanza. Mkuu mpya wa kituo ametangaza kwamba mkufunzi ambaye kipindi chake hakitafanyika robo hii, nafasi yake itapewa mtu mwingine. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu wa makaratasi, na karatasi likiwa na pengo halali usingizi. Nimefundisha darasani miaka ishirini na miwili na hapa kituoni miaka tisa, na ninachokiweza duniani ni hicho kimoja. Wakininyang'anya nitakaa nyumbani kuhesabu vifungo vya wateja wa shemeji yako. Kwa hiyo nimemwambia nina udhuru, na nitamtuma mtu niliyemfundisha kwa mkono wangu mwenyewe. Amekubali shingo upande.

Maandalio ya kipindi nimeyaweka humu, kurasa nne. Yafuate yalivyo, neno kwa neno. Nakujua wewe, ukishaona watu arobaini mbele yako utaanza hadithi za majirani. Na Mkuu akikuuliza habari zangu, mwambie ni mafua.

Dada yako


7 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai mgongoni. Dereva anaapa si yeye.

Umeniomba jambo hili kama vile unaniomba nikuazime sufuria. Dada, mimi nina watoto themanini na wanne katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini. Nimesahihisha madaftari mpaka kidole kimeota sugu. Juzi mwanangu wa mwisho aliniita "mama", nikageuka nikamwuliza kama anataka kwenda msalani. Jana nilisimama ubaoni na chaki mkononi nikasahau nilichotaka kuandika, nikabaki hapo hapo mpaka kiranja akaninong'oneza, "Mwalimu, tarehe." Nimechoka. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Siku hizi nikipita stendi namwangalia yule dada anayeuza tiketi, namwonea wivu. Anakaa peke yake nyuma ya kidirisha, na watu wanamjia mmoja mmoja.

Sasa juu ya yote hayo nikafundishe walimu. Hakuna wanafunzi wabaya kama walimu. Mimi mwenyewe nikienda semina naongea, nachora maua pembezoni mwa daftari, na saa kumi kasoro robo naanza kukusanya mkoba.

Hata hivyo nitakwenda. Wewe ndiye uliyenisomesha, na sijawahi kukuona ukiomba kitu. Nafasi yako haitapotea kwa uzembe wangu, hilo nakuahidi.

Ila nieleze jambo. Kwenye maandalio yako kuna viduara vyekundu. Mwanzo nilidhani ni madoa, nikavihesabu, vipo kumi na vinne. Kingine kiko mwisho wa swali, kingine katikati ya maelezo, kimoja kimekata sentensi vipande viwili. Pembeni ya kile cha kwanza umeandika "nyamaza, hesabu thelathini". Ina maana kwenye vyote kumi na vinne ninyamaze? Mimi? Hayo mafua yako yamepanda kichwani.

Na mafua gani haya yanayogoma kuhama? Umekwenda hospitali?

Chiriku


9 Machi

Chiriku,

Ndiyo, kwenye vyote. Ukifika kwenye kiduara, funga mdomo, hesabu thelathini moyoni, polepole. Usitembee, usifute ubao, usipekue karatasi. Usiwatabasamie kama mtu anayeomba msamaha. Hata mtu akianza kujibu ukadhani umeokoka, malizia kuhesabu.

Hospitali nimekwenda, wamenipa dawa. Tusiongee habari za koo.

Sikiliza mambo ya ukumbi. Feni inayofanya kazi ni moja, usisimame chini yake, itakula maneno yako. Kuna mwalimu mmoja wa hesabu, ana koti la kahawia, atakaa nyuma na mrundo wa madaftari na atasahihisha mbele ya macho yako. Mwache. Kuna wa michezo, huyo atalala. Mwache pia, alikuja kwa baiskeli kutoka mbali. Usianze na mchezo wa kupiga makofi ili kuwachangamsha. Watu wazima waliochoka wakiambiwa wapige makofi wanakuchukia kimya kimya mpaka jioni. Anza na swali la kwanza lilivyo, na usiwajibie.

Wiki ijayo usiniandikie, nitakuwa kwa mawifi zangu kwa siku chache.

Vaa viatu vya chini.

Dada yako


14 Machi

Dada, shikamoo.

Miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, naandika juu ya kitabu cha mahudhurio. Najua ulinikataza. Nitampa dereva, aichukue hata kama haupo.

Kipindi kimefanyika, na hakuna pengo lolote kwenye karatasi la Mkuu. Nimeanza na hilo ili usisome huku moyo unakudunda.

Saa nane na dakika tano walikuwa wameingia kama thelathini, wengine bado wapo barazani wanachokonoa meno. Koti la kahawia yupo nyuma na madaftari yake, anapiga vyema na mikasi bila hata kujificha. Wa michezo ameshaegemeza kichwa ukutani. Mkuu wa kituo amekaa karibu na mlango na daftari jeusi magotini. Nikapiga moyo konde, nikasoma swali lako: "Jana darasani kwako, ni mwanafunzi gani hukuisikia sauti yake kabisa?" Kiduara. Nikafunga mdomo.

Dada, thelathini ni nyingi. Nilipofika saba nilikuwa nimeshatunga sentensi tatu za kuwasaidia. Kumi na mbili, jasho likaanza kunishuka mgongoni, na wao wakaanza kutazamana wakidhani nimesahau kama kiranja wangu alivyodhani. Kumi na tano, yule wa hesabu akainua kichwa. Sauti ya mkufunzi ilipokoma, alifikiri kipindi kimekwisha. Ishirini, wa michezo akafumbua jicho moja. Ishirini na sita, mama mmoja anayefundisha darasa la kwanza, miwani yake imefungwa kwa kamba, akasema bila kunyoosha mkono, "Yupo mmoja anakaa dirishani. Tangu muhula uanze sijui sauti yake ikoje." Akaipandisha miwani puani. Kisha akasema, "Kwenye ripoti nilimwandikia ni mtulivu, ana adabu."

Ningekuwa mimi mwenyewe ningemrukia pale pale. Ningempa pole, ningempa na dondoo tatu za kufanya. Lakini mbele yangu kulikuwa na kiduara cha pili. Nikameza mate nikahesabu. Aliyekaa pembeni yake akasema, "Wa kwako mmoja. Wa kwangu kumi na moja." Mwingine akasema wa kwake hawezi hata kuwahesabu, kwa sababu hawajui majina. Hapo watu wakaanza kuongea wao kwa wao, si na mimi, na waliokuwa barazani wakaingia kusikiliza kuna nini.

Kwenye kiduara cha sita yule wa hesabu akaweka kalamu chini. Akasema, "Mimi nauliza watano wale wale. Nawauliza wao kwa sababu watanijibu, kengele italia, nitakwenda nyumbani. Siyo kwamba sijui mbinu. Nimechoka." Hakuna aliyecheka. Mama wa miwani akasema, "Hata mimi." Neno hilo likazunguka ukumbi mzima, kila mmoja anaongeza lake, na mimi nimesimama mbele yao kama gogo, nahesabu, machozi yananilenga. Nilidhani niko peke yangu.

Tukafika sehemu yako ya pili, ya kila mtu kuandika jina la mtoto mmoja asiyesikika na swali moja ambalo mtoto huyo hawezi kulikosa. Mama wa miwani aliandika, "Leo umepita njia gani kuja shule?" Koti la kahawia alishindwa kupata jina, akatoka nje kumpigia simu mwalimu mwenzake amtajie. Saa kumi ikapita na hakuna aliyegusa mkoba. Nilitamani ungekuwepo uone.

Waliniuliza nimejifunza wapi kunyamaza vile. Nikawaambia ni mbinu ya dada yangu. Mkuu naye alinifuata nikiwa nafuta ubao, tukaongea kidogo mambo ya kawaida, akaenda zake.

Sasa pona urudi. Sitaki tena.

Chiriku


20 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mtu wa sindano, kalamu si kazi yangu, utanisamehe mistari iliyopinda.

Dada yako hakuwa kwa mawifi. Alilazwa tarehe kumi na mbili, wakamfanyia upasuaji kesho yake. Kulikuwa na kinyama kwenye nyuzi za sauti. Wamekitoa na si kile kibaya, tumshukuru Mungu. Juzi karudi nyumbani. Daktari kamkataza kutoa hata mnong'ono kwa wiki nne. Baada ya hapo sauti itarudi kiasi, lakini siyo ile. Habari za kusimama mbele ya darasa kasema asahau. Dada yako alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba karatasi, akaandika, "Semina ijayo ni mwezi wa sita, nitakuwa tayari." Daktari akaniangalia mimi.

Alinikataza nisikuandikie. Lakini barua yako nilimsomea mimi, maana bado alikuwa mzito kwa dawa, na nilipofika pale pa viduara alifumba macho, chozi likamtoka. Nikajua hakukuambia. Viduara vile ni vyangu, shemeji. Mwaka mzima, kila semina ikikaribia, alikuwa anasimama jikoni asubuhi kabla sijafungua kibanda, ananifanyia mazoezi, mimi nimeshika karatasi na chaki yangu nyekundu ya vitambaa. Pale sauti inapomkatika, naweka kiduara. Siku ya semina akifika hapo ananyamaza kabla haijamwaibisha, anaipumzisha, anaendelea. Walimu wanadhani anawapa nafasi ya kufikiri. Mwaka juzi havikuwepo. Mwanzoni mwa mwaka jana vilikuwa vitatu.

Nimefurahi kwamba kumbe vilikuwa na faida nyingine. Yeye sijui kama amefurahi.

Usimwambie nimekuandikia. Na kituoni usiseme kitu, ndiyo kazi pekee anayoiota.

Shemeji yako, Fundi


25 Machi

Dada, shikamoo.

Mafua. Miaka yote hii nakuita dada, unaniambia mafua.

Usiniulize nimejuaje. Shemeji hajaniambia lolote, na ole wako umnunie. Nilipopata habari nilikaa kwenye kiti cha mwalimu watoto wakiwa mapumziko, nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyoisikia sauti yako ilikuwa lini na ulisema nini. Nilikumbuka ulinipigia siku nyingi zilizopita nikakuambia nina madaftari, nitakupigia baadaye. Sikupiga.

Na mimi nikawauliza walimu arobaini na wawili ni sauti ya nani hawajaisikia.

Kunywa supu, lala, mwache shemeji apike hata kama anaunguza. Nimekutumia asali ndani ya gari la vitabu, mwambie dereva afungue boksi la chini. Nitakuja likizo ikianza. Viduara vyako nimevitumia na kwenye darasa langu, kimoja tu kwa siku, zaidi ya hapo wananipandia kichwani.

Huku hakuna jipya. Kesho nimeitwa kituoni, mambo ya fomu tu.

Chiriku


9 Aprili

Wewe,

Leo nimepata barua yenye mhuri kutoka kwa Mkuu wa kituo. Ananishukuru kwa miaka tisa ya utumishi. Anasema amefarijika kuona mimi na mdogo wangu tumepanga makabidhiano kwa amani, na kwamba wewe unaanza kazi ya ukufunzi tarehe sita Mei. Fomu zako zilisainiwa tarehe ishirini na sita Machi. Yaani siku moja baada ya ile barua yako ya supu na asali.

Niliisoma mara mbili nikidhani imekosea nyumba. Halafu nikataka kupiga kelele, nikakumbuka siruhusiwi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote leo, kwamba nina hasira na sina pa kuipitishia. Nikabamiza sufuria chini. Fundi akaja mbio na utepe shingoni, akanikuta nimekaa sakafuni, akakaa na yeye.

Nilikuomba unishikie kiti. Sikukuomba ukikalie. Tena umekipata kwa viduara vyangu, ambavyo kila kimoja ni mahali niliposhindwa.

Nijibu jambo moja tu, na usilizungushe. Siku ile ya semina hukuwa unajua habari ya upasuaji. Ulikuwa unajua mafua, basi. Ulimwambia nini Mkuu?

Dada


12 Aprili

Dada,

Sikumwambia kitu. Hilo ndilo jibu, na naomba ulisome lote kabla hujachana karatasi.

Nilikuwa nafuta ubao. Akaja akasimama nyuma yangu akasema hajawahi kuona kipindi cha saa nane ambacho watu hawakutaka kutoka. Nikashukuru. Kisha akauliza, "Dada yako, yeye atarudi?" Neno la kumjibu nilikuwa nalo mdomoni, ulinipa mwenyewe. Mafua. Ningesema mafua, angesema haya, angeenda zake. Nikanyamaza. Sikuhesabu, dada, siwezi kujidanganya kwamba nilihesabu. Nilishika ile dasta nikamwangalia, yeye akaniangalia, na mimi niliyekuwa sinyamazi hata kanisani wala msibani, siku hiyo nikanyamaza mpaka akasema, "Basi, nimeelewa."

Kwa nini? Kwa sababu asubuhi ya siku ile niliamka nikalia kwenye ukingo wa kitanda huku nafunga viatu, bila sababu yoyote. Kwa sababu ukumbini mle, kwa saa mbili, sikuwa nimechoka. Niliitaka kazi yako. Niliitaka pale pale nikiwa na vumbi la chaki kwenye nyusi. Kabla ya barua ya shemeji, kabla sijajua unaumwa nini. Ningependa nikuambie nilihisi sauti yako haitarudi nikakuonea huruma. Sikuhisi kitu. Nilikufikiria baadaye, nikiwa njiani kurudi.

Shemeji aliponiandikia nikapata ahueni, mtu mbaya mimi. Nikasema moyoni, basi angeikosa tu. Nikasaini. Nikakutumia asali.

Nikiikataa kesho, Mkuu hawezi kukurudishia wewe, nimeshamwuliza. Lakini niambie niikatae, nitaikataa. Nitarudi kwa watoto wangu themanini na wanne, sitakulaumu.

Shikamoo sikuiandika pale juu kwa sababu niliona haya.

Chiriku


20 Aprili

Chiriku,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Fundi aliiweka mbali na moto, akijua mkono wangu.

Jumatano nilikwenda kituoni. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, kwamba udhuru ulikuwa upasuaji, kwamba mafua ni uongo nilioutunga mimi nikakubebesha wewe, na kwamba sisi hatukupanga makabidhiano yoyote. Mkuu akasoma mara mbili. Halafu akachukua kalamu akaanza kunijibu kwa kuandika, kana kwamba na masikio nayo wameyakata. Nikamwacha. Amenipa kazi ya kupanga stoo ya vitabu, asubuhi tatu kwa wiki. Kuna panya na kuna vitabu vya mitaala mitatu iliyopita. Nimekubali mpaka mwisho wa mwaka.

Nikukiri na mimi. Nilipokuandikia barua ya kwanza, daktari alikuwa ameshaniambia. Nilijua hata kipindi kikifanyika, mwezi wa sita ningesimama mbele ya Mkuu bila sauti, na mafua ya miezi mitatu hakuna. Nilikutuma ukalinde kitu kilichokwisha, kwa sababu sikuweza kukaa chumba kimoja nacho. Hilo halifuti kosa lako. Ulinyamaza kwa faida yako, na ungenyamaza hata kama ningekuwa mzima. Bado nimekukasirikia, na sijui nitamaliza lini.

Kazi usiikatae. Ukiikataa watampa yule anayewapangisha walimu wazima mstari wacheze treni. Watoto wako waage mmoja mmoja kwa majina, hata ikichukua siku mbili.

Nimeona ratiba stooni, wameongeza semina ndogo kabla ya ile ya mwezi wa sita. Kipindi chako cha kwanza ni tarehe tisa Mei, saa nane mchana, walimu hamsini. Nitakuja. Nitakaa nyuma, karibu na koti la kahawia. Usinitambulishe, na usiwaambie wanipigie makofi. Sauti imeanza kurudi kidogo. Fundi anaisikia akiwa hatua moja na cherehani imesimama. Nikiwa na la kusema nitanyoosha mkono kama wengine. Ukiuona, zima feni, wanyamazishe watu, na ngoja. Inachelewa kutoka, na katikati inakatika. Ikikatika, usinimalizie sentensi.

Dada yako